Nani alikufundisha kusoma, na yeye alikuwa anataka nini

Mtu akishajua kusoma anasahau haraka mno kwamba kuna kipindi alikuwa hajui. Anapita barabarani anasoma vibao bila hata kutaka, anafungua simu anasoma meseji, haoni kama kuna kazi yoyote anafanya. Na kwa vile kashasahau, akikutana na mtu mzima asiyejua kusoma kitu cha kwanza kinachomjia ni kwamba huyu alikuwa mvivu, au kichwa kizito, au alitoroka shule. Halafu akisikia habari za fulani aliyejifundisha mwenyewe mpaka akawa gwiji ndo anapata ushahidi kabisa, si unaona, mtu akiamua anaweza, hao wengine visingizio tu.

Mimi naona hapo tunaangalia upande siyo. Akili ipo na bidii ipo, sikatai, ila ukifuatilia maisha ya mtu yeyote anayejua kusoma utakuta kuna mtu mwingine nyuma yake, au taasisi, aliyempa kitabu, aliyemlipia, aliyemruhusu, aliyemwambia njoo na kesho, na wakati mwingine aliyemlazimisha kwa viboko. Na huyo mtu hakuja hivihivi, ana lake jambo. Dini ina lake, serikali ina lake, mwajiri ana lake, hata mzazi ana lake. Mtafiti wa Marekani anaitwa Deborah Brandt, baada ya kuwahoji watu wengi wa kawaida kuhusu walivyojifunza, mwaka 1998 akawaita hawa wafadhili wa kusoma na kuandika, na akaonyesha kwamba huyohuyo anayekufungulia anaweza pia kukufungia, na yeye mwenyewe hapo kuna anachopata. Ukilishika hilo, maswali yanabadilika. Unaacha kuuliza huyu ana akili kiasi gani, unaanza kuuliza nani alikuwepo karibu yake, alikuwa anataka nini, na alimwachia afike wapi.

Tuanze na Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoka utumwani akawa mpinzani mkubwa wa utumwa, manake huyu ndo anatumiwa sana kama mfano wa aliyejitoa mwenyewe. Alizaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1818 hivi, na akiwa mtoto wa miaka kama minane akapelekwa mjini Baltimore kwenye nyumba ya Hugh na Sophia Auld. Yule mama Sophia alikuwa hajawahi kuwa na mtumwa chini yake, akaanza tu kumfundisha mtoto a, b, c na maneno mafupimafupi. Mume alipogundua akaja juu, akamwambia mkewe, mtoto mwenyewe akiwa hapohapo anasikia, kwamba mtumwa akijua kusoma ndo basi tena, hatafaa kuwa mtumwa. Nyumba moja hiyo, mke kafungua na mume kafunga, na Douglass aliandika baadaye kwamba ile karipio ndo ilimwonyesha nguvu ya bwana juu ya mtumwa imekaa wapi. Aliyetaka kumzuia ndo kampa sababu. Sophia naye akageuka, akawa mkali kuliko mume, akimwona na gazeti anamnyang'anya.

Wasimuliaji wengi wakifika hapo wanaruka moja kwa moja mpaka kwenye hotuba zake kubwa na gazeti lake la kupinga utumwa la 1847. Utamu wenyewe uko katikati. Akitumwa nje alikuwa anabeba kitabu na mkate, kwenye ile nyumba mkate haukuwa shida, anawapa watoto wa Kizungu wa mtaani ambao njaa ilikuwa inawauma kuliko yeye, nao wanamlipa kwa kumfundisha kusoma. Kuandika alianzia kwenye karakana ya meli, anawaona mafundi wanaandika herufi juu ya mbao kuonyesha ubao huu unakaa upande gani wa meli, anazikariri, halafu akikutana na mtoto anayejua kuandika anamchokoza kwamba mimi nakuzidi wewe, yule mtoto kwa ubishi anaandika herufi nyingi zaidi ili amshinde, Douglass anaziiba zote. Nyumbani nako alikuwa anajaza nafasi zilizobaki kwenye madaftari ya zamani ya mtoto wa bwana wake.

Sasa hesabu hapo wafadhili ni wangapi, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akasema namfundisha huyu awe huru. Mmoja alitaka mkate, mwingine alitaka kushinda ubishi, fundi alikuwa anafanya kazi yake tu. Na hali ya mji ilimbeba pia, kwa sababu angebaki shambani, mbali na mtaa wenye watoto na magazeti na meli, kichwa kilekile na bidii ileile visingemfikisha popote haraka, na yeye mwenyewe alisema wazi kwamba kupelekwa Baltimore ndo kulimfungulia njia. Baadaye alipokodishwa kwa bwana mwingine huko mashambani akaanzisha shule ya Jumapili ya siri, akafundisha watumwa wenzake zaidi ya arobaini. Naye kageuka mfadhili, tena huyu ndo wa kwanza kwenye mnyororo wote aliyefanya kwa lengo la kumfungua mtu.

Jambo ambalo watu hawalioni upesi ni kwamba mfadhili anaweza kukupa nusu. Mwaka 1740 koloni la South Carolina lilipitisha sheria ya kuwakataza watu kufundisha watumwa kuandika. Kuandika tu, kusoma hakukuguswa. Sababu ni rahisi ukiwaza kama bwana mwenye shamba: mtumwa akitaka kutembea nje ya shamba alitakiwa kuwa na kibali kilichoandikwa, na mtumwa anayejua kuandika atajiandikia mwenyewe. Kusoma kulikuwa na mteja wake, watu wa dini waliotaka watumwa wasome Biblia, kwa hiyo kukaachwa, mpaka 1834 jimbo lilipokuja kukataza vyote viwili, miaka michache baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner 1831 kule Virginia kuwatia hofu mabwana wote wa kusini. Na hofu yao ya vibali haikuwa ya kufikirika, kwa sababu Douglass mwaka 1836 kwenye jaribio lake la kwanza la kutoroka aliwaandikia wenzake vibali kwa mkono wake. Lile jaribio lilivuja wakakamatwa, lakini kalamu ilikuwa imeshafanya kazi ileile iliyoogopwa.

Ukitaka kuona nusu nyingine iliyotolewa kwa amani kabisa, nenda Sweden. Sheria ya kanisa ya 1686 ilitaka kila mtu, mwanamume na mwanamke, bwana na mtumishi, ajue kusoma neno la Mungu kwa macho yake mwenyewe. Mwenye kuhakikisha alikuwa mkuu wa kaya, na mchungaji alikuwa anapita kukagua, anasomesha watu mmojammoja na kuandika kwenye daftari nani anasoma vizuri na nani bado. Bila kupita hapo hupati kipaimara, na bila kipaimara hata ndoa inakuwa shida. Matokeo yake kufikia mwisho wa karne ya 18 karibu nchi nzima inasoma, wakati sheria ya kuweka shule kila parokia ilikuja 1842! Wanawake walisoma sawasawa na wanaume, kwa kuwa darasa lilikuwa nyumbani na mama ndo alikuwa mwalimu mara nyingi. Lakini kuandika? Kanisa halikuwa na haja nako, kwa hiyo watu wengi sana wakaishi na kufa wanasoma vizuri na hawawezi kuandika barua. Nchi nzima ilijifunza kile tu ambacho mfadhili wao alikuwa anakihitaji.

Hapa ndo napata mashaka kila nikiona takwimu zinazogawa watu makundi mawili, wanaojua kusoma na wasiojua. Anajua kusoma nini, kwa ajili ya nani? Kuna kazi moja nzuri sana ya watafiti Sylvia Scribner na Michael Cole, waliyoichapisha 1981, kuhusu Wavai wa Liberia. Wavai wana maandishi yao wenyewe tangu miaka ya 1830, alama moja kwa silabi moja, na wakati ule hayakuwa yanafundishwa shuleni. Mtu anafundishwa na rafiki au ndugu, wakikaa jioni baada ya kazi, na anatumia kuandika barua na kuweka kumbukumbu za mambo yake. Pembeni yake kuna Kiarabu kinachofundishwa kwa ajili ya Qurani, na kuna Kiingereza cha shule na ofisi za serikali. Kwa hiyo ndani ya jamii moja unakuta wafadhili watatu, ndugu, dini na serikali, na kila mmoja ametoa wasomaji wa aina yake. Watafiti walipowapima wakakuta wanaozoea barua za Kivai wako vizuri zaidi kwenye kumweleza mtu ambaye hayupo mbele yao jinsi mchezo fulani unavyochezwa, waliopitia Qurani wanashinda kwenye aina fulani ya kukariri kwa mfuatano, waliokwenda shule wanaeleza sababu za majibu yao kwa ile lugha ya darasani. Ile imani kwamba herufi zenyewe zinageuza ubongo wa mtu hawakuipata. Walipata kwamba unakuwa hodari wa kile unachokifanya kila siku kwa herufi hizo, na unachokifanya kila siku kinategemea nani alikuingiza humo.

Hayo ni ya wafadhili wenye ajenda zao. Je, mfadhili anayeanza na haja ya mwanafunzi anakuwaje? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kisiwa cha Johns Island, tena South Carolina hiyohiyo, miaka ya 1950. Weusi wa pale ili wajiandikishe kupiga kura walitakiwa wasome kipande cha katiba ya jimbo mbele ya msajili, Mzungu, ambaye ndo anaamua umesoma vizuri au hujasoma. Kuna bwana anaitwa Esau Jenkins alikuwa na basi lake linapeleka wafanyakazi mjini Charleston, na abiria mmoja, mama aitwaye Alice Wine, akamwambia nisaidie nijue kusoma nami nitajiandikisha. Jenkins akaanza kugawa karatasi zenye vipengele vya sheria ndani ya basi, watu wanafundishwa safarini asubuhi na wakirudi.

Basi peke yake halikutosha. Januari 1957 likafunguliwa darasa, na hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mwalimu waliyemchagua alikuwa Bernice Robinson, msusi na mshonaji, hajawahi kufundisha darasani, na walimchagua makusudi hivyo wakiogopa mwalimu wa shule atawadharau watu wazima. Septima Clark, mwalimu mzoefu aliyekuwa amefukuzwa kazi 1956 kwa kugoma kujitoa kwenye NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ndo alikuwa nyuma ya mpango mzima. La pili, Robinson siku ya kwanza aliwauliza wao wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao, kujaza fomu ya kununua vitu kwa posta, kusoma barua kutoka kwa watoto wao walio mbali, na kusoma kile kipande cha katiba. Basi hayo ndo yakawa masomo. Vitabu vya watoto alivyokuja navyo akaviweka pembeni. Darasa lilikuwa vyumba vya nyuma, mbele kuna duka dogo, ili Wazungu wakipita waone duka tu.

Walianza watu kumi na wanne na kufikia mwaka 1961, mpango ulipohamia kwenye shirika la Martin Luther King la SCLC, shule za namna ile zilikuwa zimeshaanza kusambaa kusini, na mwaka 1965 sheria ya haki za kupiga kura ikaviua vile vipimo vya kusoma kwenye majimbo yale. Sasa jiulize, wale watu kabla ya 1957 walikuwa wavivu? Ni walewale. Walifanya kazi mchana kutwa na jioni bado wakaja darasani wakati wa baridi, miezi ambayo shamba linapumzika, kwa sababu darasa lilipangwa kwa kufuata kalenda ya kazi yao. Hicho nacho ni kitu kidogo kinachosahaulika kila mahali: darasa la watu wazima likiwekwa saa ya kazi, au msimu wa mavuno, watu hawatakuja, na ripoti itaandikwa kwamba mwamko ni mdogo.

Serikali ndo mfadhili mkubwa kuliko wote na ndo mwenye kubadilika haraka. Cuba mwaka 1961 ilifunga shule ikapeleka vijana zaidi ya laki moja, wengi wao wa sekondari, wakaishi na wakulima vijijini, mchana wanalima pamoja na usiku wanafundisha kwa taa ya karabai. Ndani ya mwaka ule watu wapatao laki saba walijifunza. Kitabu chao cha kusomea kilianza na herufi za OEA, jina la umoja wa nchi za Amerika ambao Cuba ilikuwa inagombana nao, na mtihani wa mwisho ulikuwa na barua ya kumwandikia Fidel Castro. Mfadhili anajionyesha waziwazi hapo, wala hajifichi. Lakini hata asiyependa siasa zile hawezi kukataa kwamba mkulima aliyemwandikia Castro barua ya kwanza, barua ya pili anaweza kumwandikia yeyote.

Linganisha na Brazil. Kule asiyejua kusoma alikuwa haruhusiwi kupiga kura, mpaka 1985. Mwaka 1963 mwalimu mmoja, Paulo Freire, na wenzake wakafundisha wafanyakazi 300 wa mji wa Angicos kwa saa kama 40, wakianzia kwenye maneno ya maisha yao yenyewe, na mpango ukawa unataka kwenda nchi nzima. Piga hesabu ya mwanasiasa: kila anayejua kusoma ni kura mpya, na kura hiyo ni ya maskini. Jeshi lilipochukua nchi 1964 mpango ukafutwa, Freire akafungwa miezi miwili na zaidi, kisha akaenda uhamishoni. Njia yake ya kufundisha haikuwa imeshindwa, imeshinda mno.

Majeshi nayo yana vituko vyake. Marekani ilipoingia kwenye vita kuu ya pili ilikuwa inawakataa vijana wasiojua kusoma, hawafai, kisha askari walipoanza kupungua, mwaka 1943 ikafungua vitengo maalumu vya kuwafundisha kwa wiki chache, na wengi wakaelewa na kuvaa sare. Vijana walewale waliokuwa hawafundishiki mwaka juzi yake. Walifundishika siku walipohitajika.

Tanzania ni mfano mwingine, na una upande wa pili ambao kampeni nyingi hazipendi kuusimulia. Nyerere kwenye hotuba ya kufunga mwaka 1969 aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata kisomo kikawa kila kona, vitabu vya kusomea vikazungumzia pamba, ndizi, uvuvi, afya, kutegemea watu wa sehemu ile wanafanya nini. Watu waliokuwa wanaitwa ngumbaru wakafanya mitihani ya taifa. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma, mwaka 1986 takwimu za serikali zikasema wamebaki asilimia 9.6. Halafu? Uchumi ukabana, karatasi zikakosekana, magazeti ya vijijini na maktaba ndogondogo zikafifia, mfadhili akawa kaelekea kwingine, na sensa ya 2002 ikakuta wasiojua kusoma karibu watatu kwa kila kumi. Kupima kunatofautiana, ndiyo, huwezi kulinganisha sentimita kwa sentimita, lakini jambo lenyewe linafahamika kwa kila aliyefundisha watu wazima: mtu akishajifunza na hana cha kusoma, herufi zinamtoka. Cheti kinabaki ukutani.

Kuna hali nyingine nazipitia haraka kwa kuwa zinajulikana. Lugha, kwa mfano. Tangu 1953 UNESCO ilishauri mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama yake, na bado watoto wengi duniani wanakutana na herufi za kwanza kwa lugha wasiyoisikia nyumbani, kisha wanaambiwa hawana kichwa cha shule. Jinsia ni nyingine. Watu wazima wasiojua kusoma duniani bado ni zaidi ya milioni 700, na karibu theluthi mbili yao ni wanawake, na ukiuliza sababu unapewa majibu marefu ya utamaduni ambayo mara nyingi ukiyabana yanabaki kitu kimoja, kwamba familia ilikuwa na nafasi moja ya ufadhili ikampa mvulana, msichana akabaki na ndoo na mdogo wake mgongoni.

Aibu ndo inastahili kukaliwa kidogo. Mtu mzima asiyejua kusoma ni fundi wa kujificha, atasema kasahau miwani, atakwambia hebu nisomee wewe mimi nimechoka, atapeleka fomu nyumbani ajaze taratibu. Na pembeni yake daima kuna msomaji wake, mtoto, mke, mume, jirani, anayemsomea barua na kumjazia fomu. Huyu msomaji anaonekana ni msaada mtupu, lakini na yeye ni mfadhili kwa maana ileile, ana nguvu juu ya kinachosomwa na kisichosomwa. Mtoto wa miaka kumi anayemsomea mzazi wake barua kutoka shuleni kwake anachagua mistari. Mume anayesimamia karatasi zote za nyumba anaweza kuwa na raha sana na hali ilivyo. Ndo maana mtu mzima anapoamua kwenda darasani wakati mwingine upinzani wa kwanza unatoka ndani ya nyumba yake, kwa maneno ya upole kabisa, unajisumbua nini na mimi nipo?

Kimani Maruge wa Kenya alivunja hiyo hesabu akiwa na miaka 84. Serikali ilipofuta ada za shule za msingi 2003, yeye mwaka uliofuata akaenda kuandikishwa darasa la kwanza pamoja na watoto, akakataliwa, akarudi tena kavaa sare, mpaka mwalimu mkuu akamkubali. Sababu aliyosema ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, manake alikuwa na wasiwasi kama anaowasikia wanaisoma sawasawa. Alikuwa mzee mwenye wasomaji kibao, alichokosa ni kuwaamini. Watu walimsifu kwa ujasiri na alistahili, ila tusisahau ilihitajika sheria ibadilike na mwalimu mmoja akubali kugombana na wazazi na wakubwa wake. Bila hao wawili ujasiri wake ungeishia getini.

Na wale wa kujifundisha wenyewe? Malcolm X, mpigania haki za Weusi wa Marekani, anatajwa sana, kijana wa mtaani aliyeingia gerezani 1946 na kutoka 1952 akiwa msomi. Ni kweli alikaa na kamusi akainakili kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa. Lakini hata yeye katika maelezo yake anawataja: mfungwa mwenzake aliyejulikana kama Bimbi, aliyekuwa anaheshimiwa gerezani kwa maneno tu na akamwambia atumie kichwa chake, ndugu zake waliokuwa wanamwandikia na kumvuta kwenye dini yao, Elijah Muhammad, kiongozi wa dini hiyo, ambaye Malcolm alitaka kumwandikia barua na akaona haya kwa jinsi alivyokuwa anaandika, na gereza la Norfolk lenye maktaba kubwa isiyo ya kawaida, iliyotokana na vitabu vya tajiri mmoja aitwaye Parkhurst. Tajiri huenda katoa vitabu kwa ajili ya wafungwa kurekebishika, gereza likaviweka kwa sababu zake, Malcolm akavisoma usiku kwa mwanga wa korido akatoka na kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekipanga. Kumwita aliyejifundisha mwenyewe siyo uongo, ni nusu tu ya habari.

Siku hizi kuna mfadhili mpya ambaye hatumwiti hivyo, nao ni simu. Kuna watu kibao waliosahau kusoma miaka mingi na wamerudia kusoma kwa sababu ya meseji, wanaandika kwa namna yao, herufi zinarukwa, tahajia kila mtu na yake, na wanaelewana vizuri tu. Mimi hili naliona jambo zuri kuliko walimu wengi wanavyokubali, manake hapo herufi zina kazi kila siku, kile kilichokosekana kwenye kampeni nyingi. Lakini kampuni zenye apu za hizo meseji zinataka ubaki kwenye kioo, ndo biashara yao, na mtu akibaki kwa kusoma sawa, akibaki kwa video sawa, akituma sauti badala ya kuandika ni sawa vilevile. Sauti imewasaidia sana wasiojua kusoma kuingia kwenye mazungumzo, na hapohapo imewaondolea ile sababu ya kuja kujua. Halafu kuna yale masharti marefu ya kukubali kabla ya kutumia apu, kurasa na kurasa za lugha ya wanasheria, ambayo hata mwenye digrii habonyezi kuyasoma. Kampuni imekupa uwezo wa kusoma ujumbe wa shangazi, haina haraka yoyote ya wewe kuweza kusoma mkataba wake.